Nyota za Bondeni

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya kijiji cha Pito, hata ng'ombe zizini walionekana pembe tu. Kabula, msichana wa darasa la tano, alikuwa amekwisha kuchota maji na sasa alikoroga uji wa ulezi. Aliipenda saa hiyo. Ndani ya ukungu aliweza kujiona yuko bondeni Rukwa, kwa shangazi yake. Yeye na mdogo wake Masanja walikuwa wamerudi kutoka likizo huko wiki mbili zilizopita.

"Kabula! Njoo!" mama aliita.

Masanja, mtoto wa miaka minne, alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Mwili ulikuwa unachoma.

"Ni baridi hii tu, amezoea joto la bondeni," mama alisema. "Nitamchemshia tangawizi. Ila niambie, kule kwa shangazi mlilala ndani ya chandarua?"

"Ndiyo, mama," Kabula alijibu upesi.

"Basi si malaria. Huku juu hata mbu anaganda!"

Kabula alirudi jikoni, lakini mwiko ulikuwa mzito mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa inaishia pale mafigani. Bondeni joto lilikuwa kali, na wao watoto wa baridi waliona chandarua kinawabana pumzi. Shangazi alipolala fofofo, walitoka kimyakimya, wakatandika mkeka uani na kutazama nyota mpaka usingizi ukawachukua. Huku juu Ufipa, kwenye ukungu, hawakuwahi kuziona nyota nyingi namna ile. Mbu waliwauma, nao wakacheka.

"Dada," Masanja aliita kwa sauti nyembamba, macho yakitazama bati. "Nyota zimeingia ndani. Zinaniunguza."

Mwiko ulimponyoka Kabula. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Mama, nimekudanganya. Tulilala nje!"

Mama hakumgombeza. Alimfunga Masanja mgongoni kwa kitenge, akasema, "Twende zahanati." Wakaingia ukunguni. Mikaratusi ilitokea na kupotea kando ya njia kama katika ndoto, na Kabula alikimbia nyuma ya mama huku akimwomba Mungu.

"Shikamoo, nesi," Kabula alisema akihema mlangoni mwa zahanati.

"Marahaba." Nesi Fortunata alimtoboa Masanja kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Mistari miwili ikajitokeza. "Ana malaria. Mmewahi, mama. Angebaki na tangawizi yenu mpaka keshokutwa, tungekuwa tunasema mengine. Nawe binti, lete kidole."

Kabula hakuwa na malaria. Masanja alipewa dawa mseto za siku tatu. "Hata akianza kucheza, amalize dozi," nesi alisisitiza.

Siku ya tatu Masanja alikuwa anamfukuza ndama uani. Kabula alimkamata, akamnywesha dawa ya mwisho.

Mama alikuwa akiwatazama. "Mwanangu, homa ya mtoto haikisiwi, hupimwa," alisema taratibu. "Mimi nilikisia, nikakosea. Na wewe ulificha. Nesi anaweza kupima damu, lakini neno lililofichwa moyoni hana kipimo chake."

"Nisamehe, mama. Tutarudi tena bondeni?"

"Mtarudi. Nyota mtazitazama kupitia matundu ya chandarua."