Mgeni Aliyechoka Hoi

Sogeeni karibu. Hadithi hii imechoka kidogo, kwa hiyo tutakwenda nayo polepole.

Kulikuwa na mtoto aitwaye Siwema. Alikuwa na pengo la mbele na maswali mengi.

Siwema aliishi Korogwe, karibu na mashamba ya mkonge. Aliishi na Mama, na Baba, na mdogo wake Mbaruku. Mbaruku alikuwa bado anatambaa.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Shule imefungwa. Kengele kimya.

Watoto wote wa jirani walikuwa wamekwenda kutembea. Tatu alikwenda Tanga kwa shangazi yake. Shebe alikwenda Lushoto kwa bibi yake. Hata kuku wa jirani walikwenda kutembea. Walivuka ua, wakaingia ua wa pili.

Siwema tu ndiye aliyebaki.

Akaenda kwa Mama. Mama alikuwa anafua nguo za watu. Fyu, fyu, fyu!

"Mama, na sisi tutakwenda kutembea lini?"

Mama akanyoosha mgongo. Mgongo ukalia ka!

"Mwanangu, Mama yuko hoi."

"Hoi kidogo, au hoi sana?"

"Hoi, hoi, hoi," akasema Mama. Akainama tena. Fyu, fyu, fyu!

Jioni Baba akarudi kutoka shambani. Siku nzima alikuwa anakata mkonge.

"Baba, na sisi tutakwenda kutembea lini?"

Baba akavua kiatu kimoja. Cha pili kikamshinda.

"Mwanangu, Baba yuko hoi."

"Hoi kidogo, au hoi sana?"

"Hoi, hoi, h..." Baba hakumaliza. Alilala palepale, kiatu kimoja mguuni.

Siwema akanuna. Mdomo ukawa mrefu.

Maskini, wala hakuitaka Tanga. Wala hakuitaka Lushoto. Alitaka kwenda na Mama mahali ambapo Mama hafui. Wakae. Waongee. Basi, hilo tu.

Na likizo ilikuwa inakwisha.

Siku moja jioni Mama akasema, "Siwema, lala mapema. Kesho tutatembea."

Tutatembea! Siwema akaruka juu. Mbaruku naye akapiga makofi, ingawa hakujua kuna nini.

Asubuhi Siwema akavaa gauni la sikukuu, lile lenye marinda. Akavaa soksi nyeupe. Akampaka Mbaruku mafuta mpaka akang'aa kama sufuria mpya.

Mama alikuwa na haraka. Hakuona gauni. Hakuona soksi. Akambeba Mbaruku mgongoni. Akajitwika ndoo ya mahindi kichwani.

"Ahaa," Siwema akawaza. "Mahindi ni zawadi ya wenyeji. Huendi kwa watu mikono mitupu."

Wakatembea. Pata, pata, pata.

Wakapita dukani. Pata, pata, pata.

Wakapita msikitini. Pata, pata, pata.

Wakavuka daraja. Soksi nyeupe zikawa nyekundu kwa vumbi.

"Mama, tunakwenda kwa nani?"

"Tunakwenda mashineni, mwanangu. Kusaga."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi nyumbani."

Siwema akasimama katikati ya njia.

"Mama! Ulisema tutatembea!"

"Si ndiyo tunatembea? Mashine ya karibu imeharibika. Ndiyo maana nikasema leo tutatembea."

"Hii siyo kutembea!" Siwema akalia. "Hii ni... hii ni kutembea tu!"

Ndipo Mama akaliona gauni. Akaona na marinda. Moyo ukamuuma. Lakini ndoo ilikuwa kichwani, Mbaruku mgongoni, na jua lilikuwa linapanda.

"Pole, mwanangu," akasema. Maneno mengine hakuwa na nguvu nayo.

Mashine ikanguruma. Gru, gru, gru! Unga ukaruka. Ukatua kwenye marinda.

Wakarudi. Pata... pata... pata. Wakavuka daraja. Wakapita msikitini. Wakapita dukani, na duka sasa lilikuwa mbali kuliko asubuhi.

Siwema alilia kidogo njiani. Halafu akaacha. Kulia nako kunachosha.

Walipokaribia nyumbani, Siwema akatangulia. Akaingia ndani. Akajitupa kwenye mkeka, uso chini, pua kwenye ukili.

Mama akafika nyuma yake. Akatua ndoo. Puu! Akamshusha Mbaruku. Akaegemea mlango. Akafumba macho.

"Hoooi," akasema Mama.

Siwema, pua yake mkekani, akasikia, "Hodi."

Nanyi mnajua. Mtoto aliyelelewa vizuri akisikia hodi, ulimi hausubiri kichwa.

"Karibuuu!" Siwema akaitikia.

Mama akafumbua macho. Siwema akainua uso. Wakatazamana.

"Mimi nimesema hoi," akasema Mama.

"Mimi nimesikia hodi," akasema Siwema.

"Sasa?"

Siwema akafikiri. "Sasa nimeshakukaribisha, Mama. Siwezi kukurudisha."

Mama alitaka kucheka, ila hata kucheka ni kazi. "Haya, ahsante," akasema. Akapita ndani.

Siwema akaruka kutoka mkekani. "Shikamoo, mgeni!"

"Marahaba."

"Karibu kiti, mgeni!" Akavuta kile kiti cha Baba, cha kulalia. Krrr!

Mama akakaa. Miguu ikasema ahsante.

"Karibu maji, mgeni!" Akachota maji mtungini. Mama akanywa. Gudu, gudu, gudu.

Halafu Mama akauona ufagio. Mkono wake ukaanza kwenda wenyewe.

"Mgeni hafanyi kazi!" akasema Siwema.

Mkono ukarudi.

Mama akaona beseni la nguo. Akainuka kidogo.

"Mgeni hafanyi kazi!"

Mama akakaa.

Mbaruku akatambaa kwenye ndoo ya unga. Akaingiza mkono. Akaingiza na uso. "Mbaruku wewe!" Mama akataka kukimbia.

"Mgeni hafanyi kazi!" Siwema akamvuta Mbaruku mguu. Akampangusa pua. Akamweka mkekani.

Lakini jamani, kuwa mwenyeji si mchezo! Kulikuwa na viazi vitamu vya asubuhi. Siwema akavileta. Kulikuwa na chai ya rangi kwenye chupa. Akaimimina. Nusu ikaingia kikombeni. Nusu ikaenda zake. Akafuta. Mbaruku akarudi kwenye unga. Akamtoa. Akarudi tena. Akamtoa tena.

Siwema akakaa chini, puu! Akashika kiuno.

"Umechoka, mwenyeji?" Mama akauliza.

"Niko hoi," akasema Siwema.

"Hoi kidogo, au hoi sana?"

"Hoi, hoi, hoi."

 Mama akammegea kiazi.

Wakala. Kiazi kilikuwa baridi, lakini kitamu.

"Habari za huko utokako, mgeni?" Siwema akauliza. Ndivyo wenyeji wanavyouliza.

"Huko nitokako ni kwema," akasema Mama. "Ila kuna nguo nyingi. Nazifua, zinachafuka. Nazifua, zinachafuka."

"Pole, mgeni. Una watoto?"

"Ninao. Yupo binti mmoja. Alitaka kutembea likizo hii. Nami sina nauli. Na nguvu sina." Mama akatazama kikombe chake. "Leo kavaa gauni lake zuri, nikampeleka mashineni. Ananihuzunisha mwanangu yule."

Siwema akatafuna kiazi taratibu. Akatafuta neno la kumwambia mgeni.

"Mwambie binti yako aje hapa kwangu," akasema. "Hapa kuna viazi. Na wewe uje naye. Mkae tu."

"Nitamwambia," akasema Mama. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Wakakaa hivyohivyo. Jua likashuka. Nguo hazikufuliwa.

Mara mlango ukasukumwa. Ngwii! Baba huyo, anaingia.

"Baba! Hodi kwanza!"

Baba akashangaa. Akaona kiti chake kimekaliwa. Akaona miguu ya Mama imewekwa juu ya kigoda.

"Nimekosea nyumba?"

"Toka, Baba. Piga hodi."

Baba alikuwa amechoka mno, hata kuuliza kwa nini hakuweza. Akatoka nje. "Hodi!"

"Karibuuu! Shikamoo, mgeni! Karibu mkeka, mgeni!"

Baba akakaa. Akavua kiatu cha kwanza. Siwema akamvua cha pili.

Mama akamgeukia. "Na wewe bwana, unatoka wapi?"

"Mimi? Natoka kwenye mkonge, bibi."

"Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Na wewe bibi, unatoka wapi?"

"Kwenye beseni."

Baba akacheka. Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe. Walicheka kidogo kidogo, kwa sababu mbavu nazo zilikuwa zimechoka. Siwema akajipenyeza katikati yao.

Baadaye Baba akajishika tumbo. "Mwenyeji, hapa tutakula nini? Nipike ugali?"

"Mgeni hafanyi kazi!"

"Basi tutalala njaa."

Siwema akafikiri. Akamwangalia Mama. Akamwangalia Baba.

"Mgeni mmoja tu apike," akasema. Akamnyooshea Baba kidole. "Huyu."

Baba akapika. Ugali ulikuwa na mabonge. Wakaumaliza.

Giza likaanza kuingia. Mama akasimama. "Mwenyeji, ahsante sana. Sasa naaga."

Siwema akamshika kanga. "Unakwenda kufua?"

"Kesho," akasema Mama. Hakutaka kumdanganya. "Leo hapana."

"Basi nikusindikize."

Mgeni lazima asindikizwe. Wakatoka mlango wa mbele, mkono kwa mkono. Pata, pata, pata. Wakapita kamba ya nguo. Wakapita banda la kuku. Wakafika mlango wa nyuma.

"Hapa ndipo kwako, mgeni."

"Ahsante. Lakini wewe utarudije peke yako, na giza hili? Ngoja nikusindikize."

Mama akamsindikiza Siwema. Pata, pata, pata. Banda la kuku. Kamba ya nguo. Mlango wa mbele.

"Na wewe utarudije peke yako?" akasema Siwema. "Ngoja nikusindikize."

Siwema akamsindikiza Mama. Mama akamsindikiza Siwema. Siwema akamsindikiza Mama.

Baba alikuwa anaosha sufuria uani, Mbaruku begani. Akawaona wakipita. Akawaona wakirudi. Akawaona wakipita tena.

"Hawa vipi?" akamuuliza Mbaruku. Mbaruku alikuwa amelala.

Pata... pata... Miguu ikawa mizito. Pata...

Mwisho Mama akamsindikiza Siwema mpaka ndani. Akamfikisha kitandani kabisa. Akamvua gauni. Akamfunika shuka.

"Umefika kwako, mwenyeji."

"Na wewe, mgeni? Kwako ni mbali?"

"Mbali sana," akasema Mama, akipiga miayo.

Siwema akasogea ukutani. Akapapasa godoro. "Basi lala hapa."

Mama akalala. Kitanda kilikuwa kifupi, miguu ikabaki nje.

"Mgeni?" Siwema akanong'ona.

Kimya.

"Mama?"

Mama alikuwa anakoroma kidogo. Khoo... khoo... Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo la Siwema. Ulikuwa na sugu za kufua, na ulikuwa wa moto. Siwema akaushika kwa mikono yake miwili.

Baba akachungulia mlangoni, taa mkononi.

"Mama Siwema, zile nguo za..."

Siwema akaweka kidole mdomoni.

"Shii, Baba. Nina mgeni."