Delmar Anunua Msumeno wa Meza

Delmar Piekarski alirudi nyumbani saa nane mchana, kama kila siku. Aliegesha lori la maziwa kando ya banda la gari, akavua buti mlangoni, akanawa mikono. Kabla hata ya kula, alichukua kodiani yake, kile kinanda cha kuvutwa kifuani, akakaa karibu na dirisha la jikoni. Mkewe, Lorna, alikuwa akimenya viazi.

"Ijumaa utapiga hiyo?" Lorna aliuliza.

"Nitapiga. Watu wakishashiba samaki hawabishi."

Kila Ijumaa jioni ukumbi wa kanisa ulijaa watu waliokuja kula samaki wa kukaanga. Bendi ya Delmar ndiyo iliyowachezesha polka. Lakini kodiani ile haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya Clem, kaka yake Lorna, na Clem alikuwa fundi wa kuipiga kweli kweli. Miaka tisa iliyopita, msumeno wa meza, wenye diski ya umeme inayozunguka katikati ya meza yake, ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, katika banda lake mwenyewe. Siku aliyotoka hospitali alimkabidhi Delmar kodiani. "Chukua," alisema. "Mimi nimebakiwa na vidole vya kushikia glasi tu." Watu walicheka. Clem hakuigusa tena.

"Nimehesabu viti," Delmar alisema. "Tuna saba. Siku ya Shukrani, familia yote ikija kula, tutakuwa kumi na wawili."

"Mwaka jana wajukuu walikalia ndoo za rangi. Hawakulalamika."

"Mwaka huu wakwe wa Joelle wanakuja. Utamkalisha mama mkwe wa binti yako juu ya ndoo? Nitatengeneza mabenchi mawili. Kabati la jikoni nalo baadaye. Nimeangalia ramani, si kazi ngumu. Kinachotakiwa ni msumeno wa meza. Dola mia nne, sitazidisha."

Lorna aliweka kisu chini.

"Sina neno na pesa," alisema. "Nina neno na hivyo." Alinyoosha kiazi kuelekea vidole vya mumewe, vilivyokuwa bado juu ya vibonye vya kodiani. "Viko kumi. Siku vikiwa tisa, msumeno unatoka humu, na wewe unatoka nao."

"Haki yako," Delmar alijibu. Lakini alikuwa anatabasamu. Moyoni alishaanza kusikia harufu ya mbao za msonobari.

Jumamosi iliyofuata, yeye na Clem walipita kwenye nyumba moja ambako vitu vya marehemu vilikuwa vimepangwa nje vikiuzwa. Kulikuwa na sahani, makoti, nyavu za samaki. Na chini ya turubai kulikuwa na msumeno wa meza, mkubwa, wa chuma kitupu.

Delmar alifunua turubai. Aliugonga uso wa meza kwa kidole. Ulilia kama kengele.

"Ulikuwa wa baba mkwe," alisema mama aliyekuwa akiuza. "Dola mia na hamsini."

"Hicho ndicho chuma, shemeji," Clem alisema. "Siku hizi wanatuuzia plastiki."

"Kinga ya diski iko wapi?" Delmar aliuliza.

"Aliitoa siku ya kwanza," yule mama alisema. "Alisema inamziba macho."

"Sote tuliitoa siku ya kwanza," Clem alisema, akacheka. "Usiwe mwoga kama bibi arusi."

Delmar naye alicheka, akatoa pesa. Walihitajika watu wanne kuupandisha kwenye gari.

Saa tisa mchana msumeno ulikuwa bandani, umechomekwa kwenye umeme. Delmar alikuwa na haraka ya mtoto aliyepewa zawadi. Alisogeza mwongozo, yaani ule ukingo wa chuma unaouelekeza ubao unapokatwa, akaufunga kwa kuukadiria kwa macho. Aliweka ubao, akasimama nyuma yake moja kwa moja, akawasha. Clem alisimama kando ya ukuta na chupa ya bia.

Nusu ya kwanza ubao ulikwenda kama kisu ndani ya siagi. Delmar akamgeukia Clem akitabasamu. Ghafla ubao ukang'ang'ania, ukainuka, ukaruka. Ulipita kando ya mbavu za Delmar, ukatoboa mlango wa banda na kutokea upande wa pili.

Delmar alizima mashine.

Lorna alitoka jikoni. Aliutazama mlango. Kisha aliishika mikono ya mumewe, akaigeuza, akahesabu kidole kimoja kimoja.

"Kumi," alisema, akarudi ndani.

Afadhali angegomba.

Hatua zilisikika nje. Aliyeingia alikuwa Ardis Halvorsen, jirani wa ng'ambo ya barabara, ameshika reki ya majani mkono mmoja na kipande cha ubao mkono mwingine. Alikuwa amefundisha useremala katika shule ya sekondari miaka thelathini na moja, na nusu ya mji bado ilimwita Mwalimu.

"Huu ni wa kwenu?" aliuliza. "Umenikuta kwenye majani yangu."

"Ajali haina kinga, Mwalimu," Clem alisema. Safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Hii ilikuwa nayo, Clem. Mtu aliiondoa." Ardis aliutazama msumeno. "Delmar, niletee futi."

Alipima umbali kati ya mwongozo na diski, kwanza upande wa mbele, kisha upande wa nyuma.

"Mbele inchi tano. Nyuma inchi tano kasoro robo. Unaona? Mwongozo wako haukwenda sambamba na diski. Umeelekea ndani. Ubao ulipofika nyuma ulibanwa kati ya diski na mwongozo. Sasa meno ya nyuma ya diski yanakwenda wapi?"

Delmar alifikiri. "Yanapanda juu."

"Yanapanda juu, halafu yanakuja mbele. Kwa hiyo yanaunyanyua ubao na kuurusha kwa aliyesimama nyuma yake. Hilo ndilo linaloitwa teke la ubao. Linakuja upesi kuliko jicho kupepesa. Wakati mwingine mkono unavutwa pamoja nao."

Clem alitazama chupa yake.

"Lakini mashine yenyewe ni nzuri," Delmar alisema. "Mota yake ina nguvu."

"Nguvu ndiyo iliyotoboa mlango. Chuma chake ni kizuri, sikatai. Mtu anayejua angeutengeneza. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Unataka kutengeneza nini?"

"Mabenchi. Baadaye kabati."

"Basi huhitaji jitu hili. Unahitaji msumeno mdogo, wa kubebeka, wa diski ya inchi kumi, unaotumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Ukiwa dukani, rangi na maneno ya kwenye boksi usiyajali. Anza na nyuma ya diski. Lazima kuwe na bamba jembamba la chuma lililosimama, linalopanda na kushuka pamoja na diski. Bamba hilo linaingia katika mfereji uliokatwa, linauzuia ubao usifunge na kuibana diski. Msumeno usio na bamba hilo, ondoka. Hata ukipewa bure."

"Na kinga?"

"Kinga inakaa juu ya diski. Jaribu kuitoa na kuirudisha. Ikiwa inahitaji spana na nusu saa, utaitoa mara moja na hutairudisha. Nawajua wanaume wa mji huu, niliwafundisha. Kisha shika mwongozo. Ufunge, uusukume kwa nguvu. Ukicheza, ondoka. Pima mbele na nyuma, kama nilivyofanya sasa hivi. Kabla ya kurudi nyumbani, swichi ya kuzimia uwe umeijaribu: unaweza kuizima kwa goti, mikono ikiwa imeshika ubao?"

"Dola mia nne zinatosha?"

"Zinatosha. Tenga arobaini ya diski nzuri ya meno arobaini, maana diski inayokuja na msumeno wa bei nafuu mara nyingi haikati vizuri. Umeshatumia mia na hamsini, najua. Iite karo."

Jumatatu, baada ya kumaliza zamu ya maziwa, Delmar alikwenda dukani na futi mfukoni. Muuzaji alimwonyesha msumeno mkubwa mwekundu. Delmar aliusukuma mwongozo wake. Ulicheza. Aliuacha. Wa pili ulikuwa imara, lakini kinga yake ilishikiliwa na skrubu nne. Aliuacha pia.

"Bwana, wewe ni mkaguzi wa serikali?" muuzaji aliuliza.

"Mimi ni mpiga kodiani."

Wa tatu ulikuwa mdogo na hauna mbwembwe. Bamba la nyuma lilikuwepo. Kinga ilitoka na kurudi kwa klipu moja. Mwongozo uliendeshwa na gurudumu dogo lenye meno, ncha zote mbili zikisogea pamoja. Delmar alipima mbele, akapima nyuma. Sawasawa. Akapima tena kwa raha tu. Pamoja na diski mpya na miwani ya kukinga macho, mia nne hazikuisha.

Jioni ile hakuweza kumaliza kula kwa hamu ya kuujaribu. Ardis alikuja, na Lorna naye akatoka kutazama, mikono kifuani.

"Usiwashe," Ardis alisema. "Kwanza zima kila kitu, chomoa waya, kisha rekebisha. Diski iinuke kidogo tu juu ya ubao. Vua glavu, diski ikizidaka itavuta mkono. Kunja mikono ya shati. Sasa simama pembeni, kushoto. Njia ya ubao si mahali pa tumbo lako."

"Na mwisho, ubao ukiwa umebaki kidogo?"

"Hapo ndipo vidole vinapoliwa. Tumia hiki." Alimpa kijiti cha kusukumia, chenye pengo mwishoni la kukamata ubao. "Nimekichonga kwa kile kipande kilichoangukia majani yangu. Na usikate kitu bila mwongozo au hiki kipimo kinachoteleza kwenye mfereji wa meza, cha kukatia ubao kwa upana. Mkono mtupu hauwezi kunyoosha."

Delmar alivaa miwani, akachomeka waya, akawasha. Alisukuma ubao polepole, akamalizia kwa kijiti. Vipande viwili vililala mezani kwa upole. Alizima, akasubiri diski isimame kabisa, akapima.

"Inchi kumi na moja na nusu hapa," alisema. Alikimbilia upande wa pili. "Na kumi na moja na nusu hapa. Lorna, njoo uguse. Huhitaji hata msasa."

Lorna aligusa.

"Nipe miwani," alisema. "Na mimi nataka kukata kimoja."

Walikata mpaka mbao za benchi la kwanza zikaisha.

Mwanamume mmoja wa bendi alitaka kuununua ule msumeno wa zamani. Delmar alikataa. Aling'oa mota, akapeleka kilichobaki kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hakutaka teke lile limfuate mtu mwingine.

Siku ya Shukrani theluji ya kwanza ilianguka. Watu kumi na wawili walikaa mezani, saba kwenye viti, watano kwenye mabenchi mapya. Mama mkwe wa Joelle alisifu bata mzinga, kisha akauliza benchi lilinunuliwa wapi. Lorna alimwonyesha mumewe kwa uma.

Baada ya kula, Clem alitoweka. Delmar alimkuta bandani, ameinama mbele ya msumeno, anagusa bamba la nyuma kwa kidole.

"Wangu ulikuja na hili," Clem alisema. "Na kinga. Viko kwenye droo mpaka leo. Sikuvirudisha hata mara moja."

Kutoka jikoni wajukuu walikuwa wakiita, "Polka, babu, polka."

Walirudi. Delmar alikaa kwenye benchi, akachukua kodiani. Clem alisimama kidogo, halafu akaja akakaa kushoto kwake.

"Mkono wa kushoto bado ninao mzima, shemeji," alisema. "Sogea. Vibonye vya besi huwa unavipiga kama mtu anayekamua ng'ombe."

Delmar alisogea. Clem alivuta mivukuto na kupiga besi kwa mkono wa kushoto, Delmar akapiga upande wa juu kwa mkono wa kulia. Mwanzoni waligongana. Mara ya pili ikakaa. Wajukuu walianza kuruka, na Lorna akaacha vyombo akaja kusimama mlangoni.

Wanaume wawili wazito walikuwa wakigonga sakafu kwa miguu, na benchi halikutikisika.