Taa ya Tanuri la Bi Mwanakheri

Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, matanuri elfu tisa yalifumbua macho kwa pamoja katika majumba ya ghorofa ya Tanga Mpya. Yaliitwa matanuri-jicho. Kila moja lilikuwa na jicho la nje lililotazama meza na jicho la ndani lililotazama bati la kuokea, na akili unde iliyomsimamia mzee anayeishi peke yake akioka mkate kwa kumbukumbu yake. Aliyefaulu aliendelea kukaa kwake. Aliyeshindwa alihamishiwa Makao ya Utulivu siku hiyohiyo, na milango ya Makao haifunguki kwa ndani.

Kanuni zake ziliandikwa na Mhandisi Hidaya Mhina. Hakuwahi kuzijutia. Tangu jicho lianze kazi, hakuna mzee aliyeungulia nyumbani mwake.

Kwa Alhamisi tatu tanuri la mama yake, Bi Mwanakheri, lilikuwa limeandika "haijulikani", kwa sababu taa ya ndani haikuwaka. Ya nne, kanuni ilidai fundi. Hidaya akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huo mkoba wa bisibisi? Umeacha uhandisi, sasa unatengeneza redio?"

"Nimekuja kutazama taa."

"Taa haina njaa. Kunywa chai kwanza."

Hidaya alikata umeme, akafungua mlango wa tanuri, akatoa kifuniko cha kioo. Katika mtambo ule wote, taa ndiyo pekee iliyokosa akili: glopu ya kawaida yenye uzi, maana taa za kielektroniki hufa kwenye joto la nyuzi mia mbili. Aliipima. Uzi ulikuwa mzima. Alirudisha umeme kwa muda, akagusisha tesita kwenye holda, umeme ulifika. Swichi ya mlango ilikuwa nzima pia. Ilibaki sababu moja. Glopu ilikuwa imelegezwa mizunguko miwili, na juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba, ya samli.

"Mama, umeilegeza wewe."

"Inanichungulia. Nimezaa, nimezika, leo nichunguliwe na jiko?"

"Wakikuandika mkaidi je?"

"Mkaidi ni jina zuri. Iache, Hidaya. Mkate unaiva gizani tangu dunia iumbwe."

Hidaya alicheka. Akapiga hesabu yake: mtu anayejua udhaifu wa mtambo, akaugusa palepale panapouma, wiki baada ya wiki, ana akili timamu. Jaribio lingekuwa jambo dogo. Akaikaza glopu, akarudisha umeme, akatuma taarifa: hitilafu imeondolewa.

Taa ikawaka, ya manjano.

"Jaribio linaanza," tanuri likasema.

Bi Mwanakheri alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akasogea mezani.

Alifungua kopo la unga wa mchele, akaweka kifuniko kando. Akapima unga, akamimina tui, akatia sukari. Akatia iliki. Akasimama. Akatia sukari tena. Mkono wake ukaipita hamira, ukarudi, ukaipita mara ya pili. Akatia sukari.

Hidaya hangeweza kumdokeza. Jicho husoma midomo. Mkono wa mtu mwingine ukionekana mezani, mzee ameshindwa. Na jicho likizibwa katikati ya jaribio, mzee ameshindwa: hiyo ni kanuni ya kumi na moja, aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya watoto wenye huruma.

Mama yake alilipaka bati samli kwa kidole gumba, taratibu, hadi pembeni, kama alivyofanya miaka yote. Akalitia tanurini, akafunga mlango, akajipangusa mikono.

Bakuli la rojo lilibaki mezani, limejaa. Ndani ya tanuri taa ilimulika bati tupu.

"Asante," tanuri likasema. "Gari la Makao litafika baada ya dakika arobaini."

Mlango wa nje ukajifunga.

Bi Mwanakheri aliinama mbele ya kioo, uso wake wa manjano kwa ile taa. "Mkate utapendeza," alisema, akamgeukia binti yake. "Utakaa uonje, bibie, au una haraka?"

Mwanzoni Hidaya alidhani ni mzaha. Aliinua kile kifuniko cha kopo ili apate cha kushika. Upande wa chini palikuwa na karatasi iliyobandikwa, mwandiko wa mama yake, herufi kubwa zilizokolezwa tena na tena kila zilipofifia:

ALHAMISI. TAA, MIZUNGUKO MIWILI KUSHOTO.

Na chini yake:

HIDAYA NI MWANAO. ASIJUE.