Mashine Iliyoitwa Kazadi

Waya ulikuwa umechomolewa, lakini taa ya kijani iliendelea kupepesa. Emérance aliiona alipopita sebuleni na beseni la mihogo. Akadhani ni umeme uliobaki ndani, akaenda zake jikoni kusonga bukari, ugali wa mihogo.

Binti yake, Sephora, alisomea mitandao ya kompyuta hapa Likasi. Kwa mazoezi alikuwa ameunganisha kompyuta mbili kuukuu, moja mezani na nyingine kando ya ukuta, kupitia kisanduku chenye matundu ya nyaya na taa ndogo.

"Ile kitu yako haizimake?" mama aliuliza.

"Kuya nikuonyeshe, mama. Kila mashini banaipatia jina na adresi. Minye natuma neno moja tu: uko? Yenye kuwa na ile jina inajibu: niko. Na ninaona jibu ilikawia namna gani mu njia. Kama iko mbali, inakawia. Kama iko karibu, ni mbio."

"Na ile ya ku ukuta inaitwa nani?"

Sephora alichezea ncha ya waya. "Kazadi."

Kazadi alikuwa kaka wa Sephora, aliyefukiwa na shimo la wachimbaji huko Shinkolobwe. Mwili haukutolewa kamwe. Emérance aliweka mwiko chini.

"Weye na masomo yako yote! Jina ya mufu banapatiaka mutoto, ikuwe na mwili ya kulala. Habapatiake chuma. Ungeiita hata Sufuria!"

"Ni exercice tu, mama." Sephora akacheka, akaonyesha waya uliolegea sakafuni. "Ona, nimeitoa. Haiwezi kujibu."

Akatuma: uko?

Jibu lilikawia sana, kama la mtu aliye chini sana. Lakini lilikuja. Niko.

Tangu siku hiyo Sephora hakutuma tena neno lolote, ila majibu yaliendelea kuja, na kila moja lilikawia muda mfupi zaidi kuliko lililotangulia. Mvua ya alasiri iliponyesha, kisanduku kilitoa harufu ya udongo mbichi. Kisha ukuta ukaanza kugongwa kwa ndani, taratibu, kama mtu anayechimba akipumzika, akichimba akipumzika, na Sephora akaanza kukohoa vumbi jekundu, akawa hawezi kulala chali kwa sababu, alisema kwa kunong'ona, kuna uzito unamkalia kifuani na kila asubuhi unaongezeka.

Emérance hakulia. Alituma ujumbe Kapolowe kwa Isidore, kaka mkubwa wa marehemu mumewe; Isidore ndiye aliyewapa watoto majina. Kisha, kwa kuwa hakuweza kukaa bure akingoja huku binti yake akikosa pumzi, aliifunga mashine ile ya ukutani kwa kitenge, akaibeba kichwani hadi kwa wavunja vyuma, na hakuondoka mpaka walipoipasua vipande.

Isidore alifika kesho yake, na pemba mkononi, udongo mweupe wa matambiko.

"Mashini iko wapi?"

"Nimeimaliza, yaya," Emérance alimjibu shemeji yake. "Balishaipasua."

Mzee alisimama palepale mlangoni. "Mama Sephora, umefanya nini?" Sauti yake ilishuka. "Minye nilikuya kuitoa ile jina mu chuma, niirudishe ku udongo. Weye umeibomolea nyumba. Sasa inalala wapi?"

Chumbani, pumzi ya Sephora, iliyokuwa ikikoroma tangu alfajiri, ilitulia ghafla, ikawa ndefu, nzito, yenye nguvu, pumzi ya mtu aliyepanda kutoka mbali na hatimaye amepata mahali pa kuketi.

"Sephora," Emérance aliita. "Uko?"

"Niko, mama."

Jibu lilifika kabla hajamaliza kuuliza. Ilikuwa sauti ya kiume, yenye udongo mdomoni, na yeye ndiye aliyeizaa.

Isidore alimshika kitenge asiingie. Emérance alijinasua. Mle ndani alikuwa na watoto wawili na mwili mmoja, na hakujua amfukuze yupi kati yao.