Basi la Mlango wa Tisa

Kila shule ilipofungwa, ndugu wawili walisafiri hivi: garimoshi kutwa nzima, kulala kwa shangazi, kisha asubuhi basi la kwenda kwao. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mdogo wake, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliitwa Katibu, maana aliandika kila kitu kwenye daftari.

Safari iliyopita, Chiriku alisahau tiketi garimoshini, wakasumbuka kweli. Kwa hiyo safari hii baba alipiga simu shuleni akasema, "Tiketi na mpango wa safari avishike Katibu."

Iliuma, jamani! Mtu mkubwa mzima, anaongozwa na kitoto kilichofundishwa naye kufunga kamba za viatu! Garimoshini, mkagua tiketi alipoona jinsi Katibu alivyozipanga, alicheka akasema, "Hongera, mama mdogo! Wewe ndiye kiongozi wa msafara?" Jioni shangazi naye akatonesha kidonda: "Katibu ana akili ya mtu mzima." Chiriku alitabasamu kwa meno tu. Moyoni alikuwa akisema, "Aliye juu, mngoje chini."

Asubuhi iliyofuata walifika kituo kikuu cha mabasi mapema. Katibu alisoma daftari lake. "Dada, basi letu linaondoka saa tano kamili, mlango wa tatu. Tukiliwahi, saa kumi na moja tuko nyumbani. Kaka anaondoka saa kumi na mbili."

Kaka yao alikuwa fundi wa mitambo, na jioni hiyo alikuwa anakwenda kazini ng'ambo kwa miaka miwili. Hakuna mtu ambaye Chiriku alimpenda kama kaka huyo.

"Najua," Chiriku alijibu kwa mkato. "Mimi si mtoto."

Katibu akachukua chupa, akaenda kuteka maji kwenye bomba la nje. Alipotokomea tu nje, kipaza sauti cha ndani kikakoroma: "Abiria wa basi la saa tano, basi lenu leo litaondokea mlango wa tisa. Narudia, mlango wa tisa."

Watu wote waliokuwa mlango wa tatu wakabeba mizigo yao, haoo, wakaondoka. Chiriku alisimama, kisha akaketi tena. Wivu ulimnong'oneza: kaa kimya. Mkichelewa, baba atajua kwamba hata huyo Katibu wake hukosea. Kuhusu basi lingine hakuwa na wasiwasi. Hawakuwahi kuachwa na basi hata siku moja, na katika mji mkubwa kama ule, alidhani, baada ya nusu saa litakuja jingine.

Katibu aliporudi, alishangaa. "Mbona watu wamepungua?"

"Nitajuaje? Mwenye mpango ni wewe," Chiriku alisema.

Saa tano ikafika, ikapita. Katibu alikimbilia ofisini, dada yake akimfuata nyuma. Mkuu wa kituo, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mjini, alitazama tiketi, akatikisa kichwa. "Basi lenu limeshaondoka, wanangu. Huko kwenu ni mbali, basi huenda moja tu kwa siku. Mpaka kesho."

Kesho! Chiriku aliitazama saa ya ukutani. Kesho kaka atakuwa wapi?

Katibu aliangua kilio. "Ni kosa langu! Lakini hatukusikia tangazo lolote."

"Hamkusikia?" Mkuu wa kituo alimgeukia mtangazaji, dada kijana aliyeanza kazi mwezi ule. "Wiki iliyopita ulisahau kutangaza, nikakusamehe. Leo umerudia?"

"Nimetangaza, mkuu! Mara mbili!"

"Watoto hawa wanasema uongo? Acha funguo mezani, nenda nyumbani."

Mtangazaji alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani. Katibu alikuwa analia, na yule dada wa watu naye machozi yalikuwa yakimlengalenga. Chiriku aliwatazama wote wawili, akasogea mbele ya meza.

"Ametangaza," alisema. "Nilisikia. Mlango wa tisa. Nilinyamaza makusudi, ili mdogo wangu alaumiwe. Nilimwonea wivu."

Katibu aliacha kulia, akamkodolea dada yake macho. Wa kwanza kusema alikuwa mtangazaji, yuleyule aliyekuwa karibu kupoteza kazi kwa ajili yao.

"Mkuu, basi sasa hivi litakuwa kwenye mizani. Pale mabasi hupanga foleni kupimwa uzito. Nimpigie kondakta?"

"Piga upesi!" mkuu alisema, akimrudishia funguo.

Kondakta alipatikana: walikuwa na magari manne mbele yao. Gari dogo la vifurushi la kituo likawabeba ndugu hao mbiombio. Kabla ya kupanda, Chiriku alimgeukia mtangazaji. "Nisamehe, dada." Yule dada akafuta macho, akamsukuma taratibu garini. "Nimekusamehe. Nendeni, mtachelewa."

Basini Katibu alifungua daftari lake, akalifunga tena. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia kwamba unaumia? Tungezishika sote hizo tiketi."

Chiriku aliomba radhi, akalia kimyakimya.

Walishuka saa kumi na moja na nusu. Kaka alikuwa kituoni na begi lake, akiwangoja huku akiangalia saa. Chiriku angeweza kukaa kimya, Katibu asingemsema. Lakini alimsimulia kaka yake yote, mwanzo hadi mwisho.

Kaka alisikiliza, akashusha pumzi. "Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Wivu ndio huo. Mdogo wako alipopewa kazi, wewe ulipungukiwa na nini? Umefanya vizuri kusema kweli, maana ukweli ndio uliokufikisha hapa. Lakini usisahau jambo moja, Chiriku. Ulitaka mdogo wako aachwe na basi, na wewe ulikuwa abiria wa basi hilohilo."

Akawakumbatia wote wawili, mmoja huku na mwingine huku, mpaka dereva aliyekuja kumchukua alipompigia honi.