Kutu Iliyolinda Bwawa

Joyness anapenda usafi kuliko usingizi. Nyumbani kwake, kilimani nje ya jiji la Mbeya, hata jiwe la kuanikia viatu hulifagia. Wiki hiyo alizidisha. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Iringa kumposa binti yake, Faustina. Kitoweo cha wageni kilikuwa tayari kinaogelea: perege wa bwawa lao.

Maji ya bwawa hilo hutoka kwenye shimo la zamani la wachimba dhahabu. Familia haiyanywi; wao hunywa ya bomba. Maji ya shimo hupita kwenye mfereji, na mfereji ulikuwa na utando laini wa rangi ya kutu.

"Wakwe watasema sisi wachafu," Joyness alimwambia mumewe, Asukile.

"Kwani wanakuja kuposa mfereji?"

Joyness alichukua ufagio mgumu. Alisugua mfereji mpaka mawe yakang'aa. Tope la kutu akalimwaga kwenye tuta la mchicha.

Jioni perege walikuwa juu ya maji, wanahema kwa shida. Wengine walishakufa.

"Tuwakaange upesi kabla hawajaoza," alisema Joyness. Machozi yalikuwa karibu.

"Ngoja kwanza, mama Faustina. Hatujui kilichowaua."

Asukile akampigia simu Hiral, mtaalamu wa maabara ya maji mjini. Hiral alikuja kesho yake. Alivaa glavu, akachukua maji kwenye chupa, kisha akautazama mfereji kwa mshangao.

"Nani amesafisha hivi?"

"Mimi, mwanangu. Nimekosea nini?"

"Umewafukuza wafanyakazi wako, mama. Utando ule hutengenezwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wanachukua chuma kilichoyeyuka majini, wanakigeuza kuwa kutu."

"Sasa kutu ina kazi gani?"

"Kutu hiyo ni madini. Metali zenye sumu, kama shaba na risasi, hunata juu yake. Ulipousugua utando, sehemu ya sumu iliyonata ilishuka bwawani. Na iliyokuja nyuma yake haikupata wa kuishika."

Joyness alichuchumaa, akayatazama mawe yake masafi. "Mwe! Vinakamata risasi bila mikono?"

"Bila mikono. Wanasayansi wanachunguza kama madini ya namna hii yanaweza kukamata hata metali zenye mionzi."

"Basi nikiweka utando kwenye ndoo ya kunywa..."

"Hapana, mama! Sumu inapungua majini, lakini haijapotea. Imo ndani ya tope. Mchicha wa tuta lile msiuchume. Na samaki hawa msile, wala msimpe mbwa."

"Na wakwe je?" Asukile aliuliza.

"Ndizi zimeisha Mbeya?"

Wakwe walikula ndizi na maharage. Joyness aliwaeleza yote, na aibu ilimchoma kweli. Mzee Kalinga, baba wa kijana, akataka kuuona mfereji. Aliuliza maswali mengi kuliko aliyouliza kuhusu mahari.

Hiral aliwaelekeza la kufanya. Walipanua mfereji, wakapanga mawe ili maji yapite polepole. Watu wa maabara waliondoa tope na udongo wa tuta, wakavipeleka mahali salama. Waliondoa pia maji yote ya bwawa. Mfereji ukaachwa bila kuguswa, na utando ukarudi wenyewe. Hiral alipima maji mara kwa mara. Majibu yalipokuwa mazuri, wakaweka vifaranga vya perege. Walipokua, akawapima nao. Walikuwa salama.

Siku ya harusi, perege wakaletwa mezani. Mzee Kalinga aliangalia sahani yake. Hakuigusa.

"Mkwe, hawa ni wa mfereji ule?"

"Ni wa mfereji ule ule," alisema Joyness. "Wamepimwa."

Mzee aliisogeza sahani kando. Faustina akamtazama mama yake.

Joyness aliivuta sahani ya mkwe wake. Alimega perege yule mkubwa, akala polepole mbele ya wote, mpaka ikabaki miiba.

"Haya," alisema Mzee Kalinga, "nileteeni mwingine, kabla mkwe hajawamaliza."