Mguu wa Baba Mdogo

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Redio ilikuwa kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kibaraza cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani upande wa mwanga, meza ya kukatia katikati, na chini ya meza vipande vya vitambaa, nyuzi na pini zilizoanguka wiki nzima. Redio alitambaa huko chini na sumaku mkononi, na huku akiokota, alitangaza.

"Mama, mwenye duka amegombana na mkewe tena, safari hii ni kwa ajili ya mkoba. Mwalimu wa hesabu ana jino la bandia, alipiga chafya likaruka mpaka dawati la mbele. Na yule jirani wa mlango wa bluu hajasafiri kokote, yumo ndani, anamkwepa mwenye nyumba."

"Pini," Mama alisema bila kuinua macho.

Ndiyo sababu aliitwa Redio. Alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini hata walimu walikuwa wamelisahau. Watu wa mtaani walisema kwamba ukitaka jambo lako lifike mwisho wa barabara kabla hujafika wewe, mwambie Redio kuwa ni siri. Walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini moyoni lilimchoma. Wenzake shuleni walipokuwa na la kunong'onezana, walinyamaza akikaribia.

Asubuhi hiyo Baba Mdogo, mdogo wake baba, alikuwa kibarazani akijaribu nguo. Babu alikuwa amefariki si muda mrefu, na vitu vyake vilikuwa vimegawanywa. Baiskeli ilikwenda kwa baba yake Redio, ambaye alikuwa safarini na lori. Viti vilikwenda kwa shangazi. Baba Mdogo alipata koti refu na suruali. Babu alikuwa mtu wa mwili, na Baba Mdogo alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Ndani ya suruali ile angeweza kukaribisha mgeni na mgeni akakaa kwa raha.

"Lete nikupunguzie, shemeji," Mama alisema. "Mguu mmoja tu unatosha kutoa gauni."

"Iache hivyo hivyo. Ni kumbukumbu ya marehemu."

Mama akamtazama juu ya miwani. "Kumbukumbu? Wewe uliyekuwa unahama meza kwa sababu anatafuna kwa sauti?"

Baba Mdogo akajifanya anakagua vifungo.

Kitu kimoja hakikugawanywa. Babu alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, aliyoimiliki kwa kibali cha kufukuzia nyani shambani. Ilisimama nyuma ya kabati chumbani kwake, imefunikwa shuka, na Mama alikuwa ametoa amri kuwa asiiguse mtu. Alisema akipata nafasi Jumatatu angekwenda kituo cha polisi kuwaambia waje kuichukua.

"Waichukue bure?" Baba Mdogo alimaka. "Shemeji, ule ni urithi. Kuna bwana mmoja stendi anaitwa Usiulize, analipa papo hapo."

"Anaitwa nani?"

"Usiulize. Ndilo jina lake la biashara."

"Basi sitauliza. Na wewe hutauza."

Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mipango. Alifuga kuku, wote wakahamia kwa jirani. Alifungua kibanda cha kunyolea, umeme ukakatika mteja wa kwanza akiwa nusu kichwa, na yule mteja mpaka leo hamsalimii. Sasa alikuwa anaota mashine ya kukamua juisi, na ndoto zake zilikuwa na tabia ya kutosubiri Jumatatu.

Mama alipoondoka na furushi la sare za shule kumpelekea mteja, mlango wa chumba cha Babu ulifunguka taratibu. Baba Mdogo alitoka amevaa koti refu na ile suruali, mguu wa kulia umenyooka kama nguzo.

"Baba Mdogo, mguu umefanya nini?"

"Punguza sauti." Akafunua koti kidogo. Kitako cha bunduki kilikuwa kwapani, kimefungwa mkanda, na mtutu ulikuwa umeshuka ndani ya suruali mpaka kwenye kifundo cha mguu. "Sasa nataka mtu wa kunishika mkono. Mgonjwa anayetembea peke yake huulizwa maswali. Akiwa na mtoto, watu wanampisha."

"Mama amesema isiguswe."

"Mama atafurahi akiiona mashine. Nisikilize. Mtaa mzima unasema huwezi kufunga mdomo. Twende stendi turudi bila wewe kutamka neno, kisha mimi mwenyewe nitakuwa shahidi wako. Atakayekuita Redio tena atanikuta."

Angemwahidi peremende, Redio angekataa. Lakini hilo lilimgusa pale penye kidonda.

"Haina risasi?" aliuliza.

"Risasi zipo kwenye kopo lao, na kopo nimeliacha kabatini. Unaniona mimi mjinga?"

Redio aliutazama ule mguu. Alimshika mkono, wakatoka.

Baba Mdogo alitembea kwa kuuzungusha ule mguu pembeni, kama mtu anayefungua geti kila hatua. Mwenye duka akampa pole. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wakamfuata nyuma, wote wakizungusha miguu. Baba Mdogo alijibu kila pole kwa kuguna, na baada ya hatua chache alianza kuifurahia kazi yake, akawa anakunja uso hata pasipo na mtu wa kumwona.

Walipofika kwenye kona wakakutana na Muuguzi, jirani yao, akitoka zamu ya usiku hospitalini. Alikuwa amechoka, lakini mgonjwa kwake alikuwa kama pini kwa sumaku.

"Kaka, mguu huo vipi?"

"Umekaza tu, dada. Utaachia."

"Hebu kunja goti."

"Halikunjiki."

Muuguzi aliinama akaligonga goti kwa vidole. Lilitoa sauti ya chuma. Akakunja uso. "Miaka yangu yote ya kazi sijaona msuli mgumu hivi. Hukukanyaga kitu?"

Baba Mdogo aliona mlango wa kutokea na akaukimbilia. "Msumari, dada. Nilikanyaga msumari."

"Wenye kutu?"

"Kutu kabisa. Hata rangi yake huioni."

Sura ya Muuguzi ikabadilika. "Hiyo ni pepopunda," alisema. "Fungua mdomo."

"Dada, mimi naona..."

"Fungua mdomo. Zaidi. Zaidi." Baba Mdogo alisimama katikati ya njia mdomo wazi, na watoto wa mpira wakachungulia humo ndani kwa zamu. "Taya bado linafunguka, tuna bahati. Lakini likifunga, ndiyo basi tena. Hospitali, sasa hivi."

"Nimeshapona," Baba Mdogo alisema haraka. "Kweli, dada, najisikia vizuri mno."

"Wote husema hivyo," Muuguzi alisema, akampigia mluzi mzee mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita bila mzigo. Wanaume wawili wa dukani wakaja. Kabla Baba Mdogo hajapata uongo mwingine, alikuwa amenyanyuliwa mzima mzima kama ubao na kulazwa juu ya mkokoteni, kichwa mbele, miguu nyuma. Mwenye mkokoteni akashika mipini upande wa miguu, akaanza kusukuma kwa kasi kuelekea hospitali.

Redio alikimbia pembeni, amebana midomo mpaka inauma. Hajasema neno. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anashinda.

Kisha gurudumu likaingia kwenye shimo, mkokoteni ukaruka, na ukingo wa suruali ukapanda. Pembeni ya kifundo cha mguu Redio akaona duara jeusi. Mdomo wa mtutu. Ulikuwa unatazama tumbo la mwenye mkokoteni.

Haina risasi, alijiambia. Risasi ziko kwenye kopo.

Hapo akakumbuka siku ya mwisho aliyokwenda na Babu shambani. Babu aliikunja bunduki katikati ikafunguka, akatia risasi moja, akaifunga, akainua. Nyani walimwona wakatimua mbio kabla hajafyatua. Babu alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichomrudisha nyumbani na kumlaza kitandani, hakuamka tena. Redio alikuwa naye njia nzima. Hakumwona akiitoa ile risasi.

Gurudumu likaingia kwenye shimo jingine.

"Mjomba, simamisha," Redio alimwambia mwenye mkokoteni.

"Redio, nyamaza," Baba Mdogo alisema kwa meno yaliyobana.

"Taya linaanza kufunga," Muuguzi alisema. "Ongeza mwendo."

Redio akaruka mbele ya mkokoteni na kunyoosha mikono. Mkokoteni ukasimama. "Hana pepopunda," alisema. "Hakukanyaga msumari. Mle ndani ni bunduki ya Babu, na nadhani ina risasi. Mjomba, inakutazama wewe."

Mwenye mkokoteni aliutazama mguu. Akalitazama tumbo lake. Akaishusha mipini chini polepole, kama mama anayelaza mtoto mchanga, akarudi kinyumenyume hatua chache, kisha akakimbia ajabu kwa mtu wa umri wake. Wanaume wa dukani walikuwa wameshapotea. Watoto walikuwa nyuma ya ukuta, vichwa tu vikionekana.

Muuguzi peke yake alibaki, upande wa kichwani. "Kaka," alisema, "usikohoe. Usicheke. Usiguse chochote."

"Hata kupumua?" Baba Mdogo aliuliza.

"Pumua kidogo kidogo."

Afande aliyekuja kutoka kituoni, baada ya Muuguzi kupiga simu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Aliwasogeza watu wote mbali, akauliza bunduki imefungwaje, kisha akauliza nani ana mkasi. Wakati huohuo Mama alitokea kwenye kona na mkoba wake wa kazi. Alimwona shemeji yake juu ya mkokoteni, akamwona binti yake, akaiona ile suruali, na hakuhitaji kusimuliwa. Akatoa mkasi.

"Nilitaka kuipunguza," alisema. "Ukakataa."

Afande alikata mkanda, akaipasua suruali kuanzia kiunoni hadi chini. Mtaa mzima ukagundua kuwa Baba Mdogo huvaa kaptura ya ndani yenye maua. Hakuna aliyecheka bado. Afande aliitoa bunduki, akauelekeza mtutu kwenye rundo la mchanga kando ya barabara, akaikunja katikati ikafunguka. Risasi moja nyekundu ikachomoza. Akaitoa, akaishika kwa vidole viwili ili kila mtu aione.

Baba Mdogo alikaa juu ya mkokoteni akivitazama vidole vya mguu wake wa kulia kama watoto wake aliowapata baada ya kupotea. Kisha akamtazama mwenye mkokoteni, aliyekuwa akichungulia kutoka dukani. Machozi yakamlengalenga. Alifunga mdomo, safari hii bila pepopunda.

Kituoni, Afande alizungumza na wote watatu. "Bunduki si kiti wala koti," alisema. "Kibali kilikuwa cha marehemu, na yeye akifa hakirithiwi na mtu. Familia inatakiwa kutujulisha mara moja, tuje tuichukue na kuitunza. Baada ya hapo, mrithi anaweza kuomba kibali chake, au iuzwe katika duka lenye leseni, kwa mtu mwenye kibali, sisi tukijua. Njia ya kuuza ipo. Haipiti ndani ya suruali." Akamgeukia Mama. "Nawe, mama. Kitu kama hiki hakingoji Jumatatu. Hasa nyumba yenye mtoto."

Mama hakubisha. "Ni kweli, afande. Kosa hilo ni langu."

Baba Mdogo alilala mahabusu, kisha akapelekwa mahakamani na kutozwa faini. Baba yake Redio aliporudi na lori lake, familia ilikubaliana, na bunduki ikauzwa kwa njia iliyo sawa. Mama alikwenda kwenye duka la silaha pamoja na Afande. Alisimama mikono nyuma, amekataa hata kuigusa, lakini kwenye bei hakulegeza, alipatana kama anauza gora la kitambaa. Mnunuzi alikuwa mkulima mwenye kibali chake na nyani wake. Bei haikufikia ile ya Usiulize. Fungu la Baba Mdogo liliishia kwenye faini, na mashine ya juisi ikabaki ndotoni.

Jumamosi moja baada ya hayo yote Redio alikuwa tena chini ya meza na sumaku yake. Aliokota kimya. Aliokota kimya kwa muda mrefu hata Mama akasimamisha cherehani.

"Unaumwa?"

"Hapana." Redio akatoa kichwa. "Mama, niliahidi kufunga mdomo. Nilikaribia kabisa."

"Toka huko nikuone." Mama akavua miwani. "Jino la mwalimu, ugomvi wa mwenye duka, hayo hayamwumizi mtu usipoyasema, na ukiyasema yanawaaibisha wenyewe. Hayo ndiyo ya kufungia mdomo, nawe hujawahi. Lakini mtu mzima akikuambia unyamaze juu ya jambo linaloweza kumwumiza mtu, hata kama ni baba yako mdogo, hata kama ni mimi, usinyamaze. Tafuta mtu mwingine mzima umwambie, tena haraka. Yule mzee yuko hai leo kwa sababu ulisema. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hapo ulichelewa kidogo tu. Ungeniambia kabla hamjatoka mlangoni."

"Hukuwepo."

"Muuguzi alikuwepo, pale kwenye kona."

Redio akainamisha kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

Mkokoteni ukapita mbele ya kibaraza, umejaa magunia. Aliyekuwa anausukuma, jasho likimtiririka, alikuwa Baba Mdogo. Alikuwa amekwenda kumwomba radhi mwenye mkokoteni, na mzee akasema radhi ya maneno hajaizoea, yeye ana magunia. Suruali ya Babu ilikuwa imeshonwa upya na kupunguzwa, inamkaa sawasawa. Muuguzi alikuwa akipita upande wa pili.

"Kaka, goti linakunjika?"

Baba Mdogo akasimama, akachuchumaa mpaka chini, akainuka, akasukuma tena.

Mama akavaa miwani na kukanyaga cherehani. Sindano ikaenda na kurudi, kisha ikasimama tena.

"Haya," alisema, "yule wa mlango wa bluu, mwenye nyumba alimpata?"

Redio alifikiri kidogo. Akarudi chini ya meza.

"Hilo ni lake mwenyewe, Mama," alisema. "Pini."